Tangi la Presha na Mguu wa Ndiritu

Nilipoanza kazi ya vidonda katika hospitali moja ya misheni hapa Nyeri, glavu hazikutupwa. Tulizifua, tukazianika kwenye kamba nyuma ya jikoni kama soksi za watoto wa bweni, tukazipaka poda, kisha zikarudi kuchemshwa. Iliyotoboka kidole ilishushwa cheo, ikawa ya kuoshea mabakuli. Nawaambia haya nyinyi mlio kazini sasa si ili mnihurumie, bali mjue kwamba mtu aliyezoea kufua glavu hashtuki ovyo. Nilishtuka mara moja tu, siku lori lilipoleta tangi la chuma na daktari wetu wa upasuaji akaniambia, "Sista Nyambura, hiki ndicho kifaa chako kipya cha vidonda."

Nimestaafu juzi. Vyeo nilivyopewa na nilivyonyimwa nimeviacha kwenye faili, na mshahara wangu haukuwa na hadithi. Ninachotaka kuwaandikia ni miaka ile michache ya tisini tulipokuwa na tangi la presha, kwa sababu naona wengi wenu mnapita kwenye kile chumba cha zamani cha kufulia bila kujua ni kwa nini sakafu yake ina mashimo manne ya boliti.

Tangi lilikuwa la wapiga mbizi. Kampuni moja ya ng'ambo ilikuwa imenunua jipya, na hili la zamani Daktari Gichuki, yule wetu wa upasuaji, akaliomba, kwa maana aliwahi kuona la aina yake alipokuwa masomoni. Lilikuwa la manjano, refu kama mtu na nusu, lenye madirisha mawili ya duara na benchi mbili ndani. Siku lilipofika, mzee mmoja wa Mweiga aliyekuwa akituletea maziwa alilizunguka mara mbili, akaligonga kwa fimbo, akauliza, "Kwa hivyo sasa mtakuwa mnachukua maziwa ya jioni pia?" Kwa wiki nzima mji uliamini tunafungua kiwanda.

Kazi yake niliielewa kwa mfano wa soda, na nyinyi pia mtaielewa hivyo. Soda ikiwa imefungwa, hewa imejificha ndani ya maji yake kwa sababu imesukumwa na presha. Damu nayo ina maji. Mweke mgonjwa mahali penye presha kubwa, mvutishe oksijeni safi kwa barakoa, na oksijeni itaingia hata kwenye yale maji ya damu, ifike kwenye nyama ambayo mishipa yake imepondeka. Kidonda kilicholala kinaamka. Na kwa kuwa soda ukiifungua kwa pupa itakumwagikia, presha nayo hupunguzwa polepole. Hayo ndiyo yote. Mengine yaliyoandikwa kwenye kile kitabu kinene kilichokuja na tangi ni maelezo ya vali.

Mwalimu wetu alitoka pwani. Bwana Omari alikuwa mpiga mbizi mstaafu, mwembamba, mwenye ndevu nyeupe, na aliletwa kwetu mwezi wa saba, mwezi ambao sisi wenyewe wa Nyeri huulizana kama jua limehama. Alivaa sweta mbili na shali yangu juu yake. Alitufundisha wawili: mimi wa ndani, na Murage wa nje. Murage alikuwa fundi wa hospitali, mtu wa Kerugoya, aliyekuwa ametengeneza mashine za kiwanda cha kahawa kabla ya kuja kwetu. Alisema "reo" akimaanisha "leo," na aliweza kusikiliza kompresa kwa sikio moja akakuambia ni boliti gani imelegea.

"Mimi nitakuwa naangalia kidonda yake kila siku," nilimwambia Bwana Omari siku ya kwanza, nikijitahidi.

"Kidonda chake, bibiye," akasema kwa huruma. "Mtu hawezi kupona kwa Kiswahili hicho."

Kuongeza presha alikuita kushuka, na kuipunguza alikuita kupanda, kama vile tungekuwa baharini. Nilishuka naye mara ya kwanza asubuhi moja yenye ukungu. Joto lilipanda ghafla, masikio yakaziba, nikabana pua na kupuliza kama alivyonionyesha mpaka yakafunguka kwa kishindo kidogo. Sauti yetu ilikuwa nyembamba, kama ya watu wanaoongea ndani ya debe. Wakati wa kupanda ikawa baridi, na ukungu mweupe ukajaa tangi zima. Nilipotoka, kalamu yangu ilikuwa imetapika wino wote mfukoni. Bwana Omari alikuwa ameiona tangu mwanzo. "Nilitaka ukumbuke," akasema.

Alitufundisha kuogopa moto kabla ya kitu kingine chochote. Hakuna mafuta, hakuna nailoni, hakuna sufu, hakuna kiberiti. Mnajua watu wetu na mafuta ya kujipaka. Mgonjwa aliyetoka nyumbani bila kung'aa alijiona uchi. Nusu ya asubuhi yangu niliitumia kuosha watu kwa sabuni na maji moto, na akina mama wenye vitambaa vya nailoni kichwani walinitazama kana kwamba nimewavua heshima. Tuliwavalisha kanzu za pamba, tukawafunika kwa shuka za pamba. Halafu Bwana Omari alitufundisha jambo la pili, na alilirudia mpaka Murage akalisema usingizini.

"Oksijeni ni dawa, na dawa ikizidi ni sumu. Siku moja mgonjwa wako atashikwa na kifafa humo ndani. Mvue barakoa. Mlaze ubavu. Na wewe uliye nje," akamgeukia Murage, "usimpandishe hata ukiapizwa, mpaka avute pumzi. Mtu wa kifafa amefunga koo. Ukipunguza presha, hewa iliyo kifuani itatanuka na haina pa kutokea. Utampasua mapafu kwa mkono wako mwenyewe."

Akaondoka na shali yangu. Sikuiomba.

Tulikuwa tumeshawatibu wagonjwa kadhaa, wengi wao wa sukari wenye vidonda vya miguu, nilipoletewa Ndiritu. Alikuwa pota wa Naro Moru, mwanamume wa miaka kama thelathini na minane, aliyebeba mizigo ya watalii Mlimani tangu ujana. Jiwe lilikuwa limebingirika likamponda mguu wa kushoto. Wenzake walimteremsha kwa machela ya blanketi na miti, akashonwa karibu na nyumbani, na wiki mbili baadaye akafika kwetu na mguu uliovimba kama mkate wa boflo. Vidole viwili vya mwisho vilikuwa vyeusi. Juu ya wayo palikuwa na kidonda kikubwa kama kiganja changu, cha rangi ya majivu. Nilikigusa kwa koleo. Hakikutoa damu hata tone. Nyinyi mnajua maana yake: kidonda kisichotoa damu kimekata tamaa.

Daktari Gichuki alisimama pale kitandani muda mrefu. "Ningekata hapa," akasema, akionyesha chini ya goti. Halafu akanitazama. "Lakini tujaribu tangi kwanza. Wiki tatu. Kikizidi kuoza kabla ya hapo, nakata bila kuuliza."

"Mkikata nitabeba nini?" Ndiritu akauliza. "Maombi?"

Mkewe, Wangari, mwanamke mfupi mwenye macho makali, alikuwa ameshika mkono wa kitanda kwa vidole vyote kumi.

Nilimsukuma Ndiritu kwa kiti cha magurudumu hadi chumba cha tangi. Alichungulia dirishani, akarudi nyuma.

"Sista, hapana. Mimi nalala nje, kwa baridi, nikiangalia nyota. Hiyo ni sanduku ya maiti iko na dirisha. Mwambie daktari akate."

"Hujaingia hata."

"Sihitaji kuingia. Iko na mlango moja?"

"Mmoja."

"Na nani anakaa na kifunguo?"

Hapa ningeweza kumdanganya, na nawaonya, kishawishi kipo. Ni rahisi kumwambia mgonjwa kwamba akitaka kutoka atatoka. Nikamwambia kweli. "Hakuna ufunguo. Presha yenyewe ndiyo inafunga mlango. Hata watu ishirini hawawezi kuuvuta. Ukitaka kutoka utaniambia, nami nitamwashiria Murage, na itachukua dakika kumi, kwa sababu tukikutoa ghafla tutakuumiza. Na hizo dakika kumi nitakuwa nimeketi na wewe."

Alilitazama tangi, kisha akanitazama mimi. "Kwani wewe unaingia?"

"Kila siku. Nikiwa na mgonjwa au bila."

Nikaingia peke yangu, Murage akafunga, tukashuka kidogo. Niliuona uso wa Ndiritu kwenye duara la kioo, akinitazama kama mtu anayetazama kuku akiingia kwenye sufuria kwa hiari yake. Nikampungia mkono. Nilipotoka alikuwa ametulia.

"Hata Mlimani huwezi kupanda ghafla," akasema. "Wageni wanataka tukimbie hadi juu, halafu wanalewa na urefu. Tunakataa. Sawa. Tuingie, Sista."

Tukawa tunashuka asubuhi siku tano kwa wiki. Oksijeni dakika ishirini, kupumzika dakika tano kwa hewa ya kawaida, halafu tena, mara nne. Wakati wa mapumziko alivua barakoa akazungumza. Kwake nilijua kupika githeri ya watu kumi juu kabisa ambapo maharagwe hayaivi, nilijua mgeni gani atatapika na gani atalia, na nilijua kwamba mtalii akikuambia mkoba wake ni mwepesi, basi ameficha vitabu. Miaka yote hiyo nilikuwa nimeuona Mlima kupitia dirisha la wodi tu.

Ila msidhani tangi lilifanya kazi peke yake. Kila siku baada ya tangi nilikaa na mguu ule karibu saa nzima. Maji ya chumvi yaliyochemshwa, koleo, kisu kidogo, na subira. Nyama iliyokufa haiponi kwa oksijeni wala kwa sala. Inaondolewa. Wangari alileta mayai na ndengu, kwa sababu nilimwambia kidonda hula kupitia mdomo wa mwenyewe. Siku ya sita nilipokuwa nikikwangua pembeni, tone jekundu likatoka. Likafuatwa na lingine.

"Damu!" nikapiga kelele.

Ndiritu alijaribu kuruka kitandani. "Umenikata?"

"Inatoka damu, Ndiritu! Asante Mungu, inatoka damu!"

"Wangari," akasema polepole, "huyu Sista amepata shida ya kichwa huko kwa tangi."

Siku ya tisa nilifanya kosa. Nimeliandika hapa kwa sababu hamtalisoma mahali pengine. Kabla ya kushuka tulikuwa tunapima joto la mgonjwa, maana homa humweka karibu zaidi na kile kifafa cha oksijeni. Asubuhi hiyo kipimajoto changu kilianguka kikavunjika, na kile cha wodi kilikuwa kinatumiwa. Nikamuuliza Ndiritu kama yuko sawa. Akasema yuko sawa kabisa. Nikamwamini, kwa vile nilikuwa na haraka na yeye alikuwa mchangamfu. Baadaye nilijua kwamba alikuwa ametetemeka tangu jioni iliyotangulia, akaficha, akiogopa nitairuka zamu yake na daktari atapata sababu ya kukata.

Tulikuwa kwenye oksijeni ya tatu. Alikuwa ananiangalia juu ya barakoa, halafu nikaona mdomo wake unachezacheza upande mmoja, kama mtu anayetaka kutabasamu akakosa sababu. Nikainuka. Kabla sijamfikia, mwili wote ulikakamaa, mgongo ukajikunja, kichwa kikagonga chuma.

Nilimvua barakoa, nikamgeuza ubavu, nikaweka mkono wangu kati ya kichwa chake na ukuta. Nikaangalia dirishani. Murage alikuwa amesimama, mkono juu ya vali ya kupandisha. Nyuma yake nilimwona Wangari. Sikumsikia kupitia chuma, lakini niliusoma mdomo wake. Fungueni. Fungueni. Alimshika Murage shati akalivuta mpaka vifungo vikakatika.

Nilitikisa kichwa. Nikainua kiganja: ngoja. Murage alinitazama, akautazama mkono wake mwenyewe juu ya ile vali, kisha akauondoa, akauweka mfukoni. Mpaka leo naamini hilo ndilo jambo gumu kuliko yote niliyowahi kumwona mtu akifanya hospitalini. Mwanamke anakulilia umtoe mume wake, una uwezo wa kufungua, na unaweka mkono mfukoni.

Sijui ilikuwa dakika mbili au tatu. Miguu yake ilipiga benchi, ikapunguza, ikaacha. Uso ulikuwa wa rangi ya udongo. Nikaweka sikio karibu na pua yake. Hakuna kitu. Nikahesabu. Halafu kikaja kishindo cha pumzi, kikavu, kama mlango wa zamani unaofunguliwa, na kingine, na kingine. Nilingoja mpaka kumi na mbili, ndipo nikainua kidole gumba kumwambia Murage: pandisha. Polepole. Tulipanda kwa dakika zetu zote kumi huku ukungu umetufunika, mimi nikimshika mtu yule kichwa mapajani kama mtoto.

Mlango ulipofunguka Ndiritu alifumbua macho. "Tumefika kambi?" akauliza.

Wangari akaanza kulia kwa sauti. Murage alitoka nje akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, shati wazi hadi kitovuni. Nikampelekea chai. "Sista," akasema, "mimi nilikuja hapa kutengeneza taa."

Jioni ile, Ndiritu alipokuwa na akili timamu, nilienda kitandani kwake nikawaambia wote wawili ukweli. Nilipaswa kupima na sikupima. Alipaswa kusema na hakusema. Wangari alinisikiliza bila kupepesa.

"Asirudi huko," akasema. "Afadhali bwana wa mguu moja nyumbani kuliko wa miguu miwili kwa kaburi."

Daktari Gichuki alitoa siku tatu za kupumzika, homa iishe, halafu akasema uamuzi ni wa mgonjwa. Sikumshawishi. Nilifunga kidonda kama kawaida, nacho kilikuwa chekundu pembeni kote, kama nyama ya mtu aliye hai. Siku ya tatu Ndiritu alikiangalia kwa muda mrefu kuliko siku zote.

"Narudi," akasema. "Lakini kipimajoto ashike Wangari. Sista nitamdanganya, huyu siwezi."

Tangu hapo kila asubuhi Wangari alisimama mlangoni pa chumba cha tangi na kipimajoto kipya, kama askari wa kizuizi cha barabarani. Alikiweka kwapani mwa mumewe, akangoja, akakisoma, akanionyesha. Mara mbili alitukataza kuingia, na mara zote mbili alikuwa sahihi. Kwenye tangi hakutazama tena. Alikaa nje kando ya Murage, akimshonea vile vifungo vya shati.

Vile vidole viwili vyeusi vilikauka, na daktari akaviondoa. Vingine vitatu vilibaki. Daktari aliongeza zile wiki zake tatu, na baada ya mara ya thelathini kidonda kilikuwa kimejaa nyama safi yenye chembechembe kama forosadi, na tukakiwekea ngozi kutoka pajani. Ilishika. Siwezi kuwaapia ni sehemu gani ilikuwa ya tangi, gani ya kisu, gani ya mayai ya Wangari, na gani ya ukaidi wa yule mtu. Wengine walipita kwenye tangi lile lile na miguu yao ikakatwa hata hivyo. Nawakumbuka pia.

Tangi lilidumu miaka michache tu. Mitungi ya oksijeni ilikuwa ikitoka mbali na ilichelewa, kompresa ilizeeka kuliko Murage alivyoweza kuibembeleza, na siku moja vipuri vikakosekana kabisa. Likachukuliwa. Mimi nikarudi kwa pamba na maji ya chumvi, na sikulia sana, kwani ndivyo nilivyoanza. Murage alirudi Kerugoya, akafungua karakana. Tangi lilimwachia tabia ya kuziogopa vali zote za dunia.

Kabla halijachukuliwa nilialikwa Naro Moru kwenye ubatizo wa mtoto wa Ndiritu na Wangari. Niliteremka barabarani, naye alikuwa ananingoja na viatu vya buti, cha kushoto kimejazwa kitambaa mbele. Nyumba yao ilikuwa juu, upande wa msitu. Tukaanza kupanda njia ya udongo, yeye mbele. Alikuwa akiyumba kidogo tu, kama mtu anayesikiliza wimbo. Nilitaka kuutazama mguu ule ukikanyaga, jinsi kisigino kinavyotua na mbele inavyosukuma. Ndivyo tulivyo sisi wa vidonda, hatuendi sherehe, tunaenda kukagua. Lakini baada ya kona ya pili sikuweza kutazama kitu. Kifua kilikuwa kinanichoma, nimeshika kiuno, na yeye alikuwa juu kabisa karibu na mti wa muiri.

"Ndiritu!" nikaita. "Ngoja kidogo."

Akageuka, akashuka hadi nilipo, akachukua kikapu changu akakitia begani.

"Pole, Sista," akasema. "Ulipaswa kuniambia mzigo ni mzito."

Akaanza tena kupanda, na mwendo haukupungua.